Salamu Dakika Tatu

Jumapili, 1 Septemba 2024

Nimekuwa mwenyekiti wa maandalizi. Nilitoka kwenda chooni tu! Dakika nne, tano hivi. Kurudi, nakuta Hafidha anapiga makofi, Wilbert anacheka mpaka kashika meza, na Mustapha kaninyooshea kidole. Kura tatu kwa sifuri.

Mkutano wa mwaka wa Soma Nisikie unakuja Bukoba. Bukoba! Sisi ambao kazi yetu ni kujifungia chumbani, kuwasomea vitabu watu wasioona na kuwarekodia — bure, bila hata soda. Nchi tisa. Mwaka jana ulikuwa Kampala, mwaka juzi mtandaoni tupu. Sasa wamesema tarehe 28, Tanzania, wengine ukumbini na wengine kwenye kompyuta. Lugha tano, na ya sita ni ya alama. Nina siku ishirini na saba na sijui hata projekta inawashiwa wapi.

Hafidha ana duka la vitambaa pale mjini na hana subira na kitu chochote. Alishaanza kuandika ratiba nyuma ya risiti. La kwanza, ufunguzi. Akauliza nani mwingine kama si baba yangu — msikilizaji wetu wa kwanza, mwalimu mstaafu, haoni, na Kihaya chake kimenyooka. Nikasema Tata hatoki. Akasema atatoka. Nikamwambia miaka mitatu sasa mtu huyu hajavuka mwisho wa kibanja chake cha migomba. Hata kanisani haendi, padri ndiye anamfuata Kanazi na komunyo. Hafidha akaniangalia, akaandika "Mwl. Mwesiga", akapiga mstari chini yake.

Humu hasomi mtu, kwa hiyo niseme. Nataka. Nataka kuliko mkutano wenyewe. Kikundi hiki cha Bukoba nilikianzisha kwa ajili yake, presha ya macho ilipomaliza kumchukulia macho. Nataka nimwone amevaa koti lake, amesimama mbele za watu. Basi tu.

Jumanne, 3 Septemba

Kikao cha mtandaoni na Madamu Spès, mratibu wetu, yuko Bujumbura. Sauti ya upole. Ratiba ya dakika. Siyo ya saa, ya dakika! Saa tatu kamili hadi saa tatu na dakika tatu: salamu.

Dakika tatu. Hafidha ilibidi azime maiki ili acheke vizuri. Mhaya asalimie watu sitini na mmoja kwa dakika tatu? Mimi nikienda Kanazi, kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu ni hatua mia mbili, na zinanila nusu saa. Kila mgomba una mtu wa kusalimiwa.

Anayo na orodha yake ya ujumuishi, kurasa sita. Njia ya viti vya magurudumu. Maandishi chini ya video. Wakalimani. Mwanga wa kutosha kwa wanaotumia alama. Maiki zote zizimwe isipokuwa ya anayeongea, ili kusiwe na kelele. Nikaweka vema kila mahali. Vema, vema, vema. Nikajiona mtu wa maana sana.

Jioni tukaenda kuikagua hiyo njia ya magurudumu, mwenye ukumbi kaijenga wiki iliyopita. Nzuri! Inapanda taratibu, ina vyuma vya kushikia, inakwenda, inakwenda — inaishia ukutani. Mlango uko upande wa pili. Anasema aliambiwa ajenge njia, hakuambiwa iende wapi. Mustapha alicheka mpaka akakaa chini. Haisikii hata sauti yake mwenyewe, lakini akicheka mtaa mzima wa Nshambya unajua.

(Watu huniuliza kiziwi anafanya nini kwenye chama cha sauti. Ndiye anayekagua maandishi kabla hatujasoma. Kosa halimpiti. Mchana anashona suti, jioni anatushona sisi.)

Ijumaa, 6 Septemba

Ijumaa ni siku ya kusikiliza maoni. Wasikilizaji wanapiga ile simu yetu, wanaacha sauti, mimi naandika. Leo saba. Wa mwisho, kama kila Ijumaa: "Mimi ni msikilizaji wa Kanazi. Jina sitaji."

Hataji jina! Sauti iliyonifokea hesabu za kugawanya miaka yote ya shule ya msingi, leo haitaji jina.

Anamlalamikia Namba Saba. Kwetu wasomaji hatuna majina, tuna namba tu, ili mtu ahukumu usomaji asimhukumu mtu. Anasema Namba Saba anasoma kama kaacha maharage jikoni. Anasema anameza miisho: sentensi inaanza vizuri, inatembea, ikifika mlangoni haionekani tena. Angekuwa mwanafunzi wake angemrudisha darasa la tatu.

Namba Saba ni mimi.

Hajui. Nasomea ndani ya kabati, nguo zimenizunguka, sauti nimeishusha kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Wilbert akiipitisha kwenye kompyuta yake inazidi kuwa nzito. Hata mimi sijitambui. Kinachonishinda ni kikohozi tu, vumbi la kabati linanimaliza, na Wilbert mvivu hakikati.

Nimeandika kwenye daftari la maoni: "Namba Saba apunguze kasi." Kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi, 7 Septemba

Kanazi. Tata kakaa kwenye kiti chake barazani, redio ya memori kadi mapajani. Nikapiga magoti, nikasalimia, akaniwekea mkono kichwani kama siku zote. Mama akaleta senene wa mwaka jana, wa mwisho kwenye kopo. Nilijua wananihonga, au mimi ndiye nimekuja kuwahonga wao, sijui.

Nikamweleza mkutano. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza nani wanaupanga. Nikataja. Akasema kumbe mkutano wa vipofu unapangwa na watu wanne wenye macho.  Akauliza watu wangapi. Ukumbini ishirini na wanne, sisi wenyewe tukiwemo, kwenye mashine thelathini na saba.

"Hao wa kwenye mashine nani atawapa kahawa?"

 Akamwani, kahawa yetu ya kutafuna! Kurasa sita za ujumuishi na hakuna aliyeifikiria. Mgeni akiingia kwa Mhaya anapewa punje zake atafune, ndipo maneno yaanze. Tata anasema mtu ambaye hujampa kahawa hujamkaribisha, na yeye hawezi kufungua mkutano wa watu ambao bado wako barabarani. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Huo ndio ubaya wa walimu.

Wakati naaga akauliza, kama kitu kidogo tu, kama Namba Saba naye atakuwepo. Nikasema sina hakika. Akasema ana maneno naye.

Nilitembea hadi barabarani bila kusalimia mtu. Watanisema.

Jumatano, 11 Septemba

Jaribio. Sitaki kuandika. Naandika.

Mpango ulikuwa hivi: Tata awe nyumbani, Mama amshikie simu ya kitochi, Wilbert amwunganishe na kompyuta, aongee dakika mbili tu, aonje. Nilimbembeleza kwenye simu siku tatu. Leo akakubali. Watu arobaini na mmoja walikuwa mtandaoni, maiki zote zimezimwa kama orodha inavyotaka. Wilbert kazifunga mwenyewe, hata mtu akitaka kufungua haifunguki. Fahari tupu.

Tata akasalimia kwa Kihaya. Vizuri! Sauti ile ile ya darasani. Akanyamaza, akingoja waitikie. Watu wote kwenye kioo wakapunga mikono. Arobaini na mmoja! Wengine wakatuma vidole gumba, wengine mioyo. Mustapha akapunga mikono yote miwili. Mimi nikapunga.

Akasalimia tena. Tukapunga tena.

Mara ya tatu sauti ilikuwa imeshuka. Kisha akasema, taratibu, "Joanitha, humu hamna mtu." Akakata.

Tulibaki mikono juu. Watu arobaini na mmoja wanampungia mtu asiyeona! Na sisi ndio tumekaa miaka minne tukijisifu kwamba tunawajali wasioona. Ismail wa Kampala, yeye naye haoni, akaandika baadaye kwamba mikutano yote ya mtandaoni ndivyo ilivyo kwake, kama kuongea kisimani, ila alishazoea na hakutaka kusumbua. Alishazoea. Nimeisoma mara tatu.

Nimepiga Kanazi mara nne. Mama anasema amelala. Saa kumi na mbili jioni!

Jumamosi, 14 Septemba

Kimwani, Muleba, kwa Shangazi Kokugonza, dada yake Tata. Nilikwenda kutafuta kahawa — yeye ndiye anayeitengeneza mpaka watu wanaifuata kutoka Bukoba: anaichemsha na majani anayoyajua mwenyewe, anaianika, hataki uichungulie. Nilitaka mifuko kumi. Nilirudi na mifuko kumi na kitu kingine kizito zaidi.

Nilimsimulia Jumatano. Hakucheka. Akaacha kuchambua, akaniuliza kama najua kwa nini kaka yake aliacha kwenda kanisani. Nikasema macho. Akasema macho yalikuwa yameshakwisha mwaka mzima, na bado alikuwa anakwenda.

Ni hivi. Siku moja baada ya misa Tata alikuwa anaongea na rafiki yake Ta Rugemalira pale mlangoni. Hadithi ndefu, ile ya mkaguzi wa shule na nyuki. Katikati Ta Rugemalira akaitwa, akaondoka haraka bila kuaga. Tata akaendelea. Akaimaliza hadithi yote, na mikono, na sauti ya mkaguzi, mbele ya nguzo ya kanisa. Watu wakacheka. Shangazi anasema si kwa ubaya. Tata naye akacheka kwanza, akidhani wanacheka nyuki. Kisha akanyoosha mkono amguse rafiki yake, akashika nguzo.

Aliomba apelekwe nyumbani. Hajatoka tena.

Miaka mitatu sikuambiwa. Na mimi Jumatano nimempa nguzo arobaini na moja. Nimelia kwa Shangazi mpaka akanipa kahawa nitafune ninyamaze. Chungu.

Jumapili, 15 Septemba

Kanazi tena. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Nikapiga magoti, nikasema Tata nimekosa, walikuwepo wote, mimi ndiye niliyewafunga midomo. Akasema yamekwisha. Yamekwisha kwa sauti ile ya yasiyokwisha.

Halafu akawasha redio. Namba Saba, ufugaji wa nyuki, sura ya nne. Mbele yangu! Akawa anasimamisha kila aya. Unasikia? Kameza. Unasikia? Amekimbia tena, nani anamfukuza? Mama anapika, anatikisa kichwa. Nilivumilia aya sita. Ya saba ikanishinda, nikauliza kwa nini basi anamsikiliza, wakati wasomaji wapo kumi na wanne na Namba Mbili anasoma kama malaika.

Akafikiri. Akasema, "Namba Mbili ni safi mno, sijui kama yupo. Huyu anakohoa. Nikisikia amekohoa najua kuna mtu."

Nikatoka nje kana kwamba nimeitwa. Nikasimama migombani. Nilijua kitu cha kufanya na nilijua Madamu Spès atanichukia.

Jumanne, 17 Septemba

Vita na Bujumbura. Nimesema: kwenye salamu, maiki zote wazi. Kila mtu aitikie kwa sauti yake, kwa lugha yake, mmoja mmoja. Madamu Spès, kwa upole wake, akasema maiki thelathini na saba wazi ni soko. Mbwa, watoto, masufuria. Nikasema ndiyo, Madamu, masufuria ndiyo yatamwambia kwamba kuna watu. Nikasikia anageuza zile kurasa zake sita. Mwisho akasema sawa, kwenye salamu tu, na dakika ni zile zile tatu.

Mustapha akaishika meza. Akauliza kwa mikono, Hafidha akitutafsiria (ni kaka yake, wamekua wakigombana kwa vidole): na mimi nitaitikia na nini? Nikaangalia kwenye orodha, halimo. Kamati ya ujumuishi! Akatuonea huruma. Akapiga meza kwa kiganja mara mbili, pa, pa, akaketi. Imepitishwa.

Kahawa tumeituma. Kampala na Bujumbura kwa mabasi, hao wengine kwa watu wanaosafiri. Kwenye kaunta ya vifurushi kijana wa watu akaukunjua mfuko, akanusa, akauliza ni mbegu au ni dawa. Hafidha akamwambia ni salamu. Akaandika "salamu, gramu mia mbili", akagonga mhuri.

Brazili imeshindikana, siku hazitoshi. Dona Iracema, msomaji wa kule, akaandika tusihangaike, nyuma ya nyumba yake kuna mti wa kahawa, atachuma wake. Hafidha kachukia kidogo. Alidhani kahawa ni yetu.

Jumatatu, 23 Septemba

Siku tano. Tata kimya. Mama anasema hakuna alichosema, ila ameuliza koti liko wapi. Kisha akasema lirudishwe kabatini.

Njia ya magurudumu imepinda kona, sasa inafika mlangoni. Fundi anaiita "njia ya Joanitha". Ratiba lazima ichapwe kesho, na pale kwenye jina la mfunguzi Madamu Spès ameniuliza tuweke nini. Ana video ya kiongozi fulani, dakika mbili na nusu, imekatwa vizuri, inatoshea. Nikasema tuweke mstari mtupu. Akasema mstari mtupu hautafsiriki.

Tumeweka mstari. Sina hamu ya kula. Nimesoma sura ya nane ndani ya kabati na nimejitahidi na miisho, kila mwisho nauona mbele yangu kama mtu ninayepaswa kumfikisha mlangoni.

Ijumaa, 27 Septemba

Wageni wamejaa. Madamu Spès amefika kwa basi, ni mfupi kuliko nilivyodhani na saa ya mkononi ni kubwa. Wilbert amelala chini ya meza ya nyaya, hatujui kama ni usingizi au ni kazi. Watu wa Muleba wamekuja na ndizi mikungu sita ambayo haimo kwenye bajeti wala kwenye ratiba.

Saa tisa nilijificha dukani kwa Hafidha nisikilize maoni ya Ijumaa. Kazi ni kazi. Yalikuwa mawili. La pili:

"Mimi ni msikilizaji wa Kanazi. Jina sitaji. Naulizia ule mkutano wa kesho unaanza saa ngapi, na kama kuna usafiri. Na hiyo kahawa mwambieni Kokugonza asiichemshe sana. Ni hayo."

Nimeirudia mara tisa. Hafidha kanikuta nimekaa juu ya majora ya vitenge, nacheka na machozi yananitoka. Akasikiliza. Akachukua kalamu, akaenda kwenye kila ratiba, zote sabini, akaujaza ule mstari kwa mkono. Na mimi nikamsaidia kuanzia ya arobaini. Mwl. Mwesiga. Mwl. Mwesiga. Mwl. Mwesiga.

Jumamosi, 28 Septemba

Naandika nyuma ya ratiba, pembeni ya meza ya Wilbert, ili mikono ipate kazi. Saa nne na dakika arobaini. Tuko kwenye salamu!

Amekuja. Koti, tai, viatu vimeng'arishwa mpaka Mama anajiona. Mama alimshika mkono hadi mlangoni. Pale akamwachia, kama walivyoelewana, akapita mwenyewe katikati ya viti, fimbo mbele, taratibu. Nililia nyuma ya spika. Mustapha akanipa kipande cha kitambaa, bado kina bei.

Alianza na kahawa. Kikapu cha Shangazi kikazunguka ukumbini. Kisha akawaambia wa kwenye mashine watafune karibu na maiki. Wakatafuna! Watu thelathini na saba, kru kru kru, Kampala, Bujumbura, kote. Dona Iracema kwao ni alfajiri bado, kavaa gauni la kulalia na kashika punje zake kama rozari. Tata akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka wa mwisho akameza. Akasema sasa mmefika.

Halafu mmoja mmoja. Jina lako, kwenu wapi, wewe wa nani, wazazi wapo, mvua imenyesha? Mkalimani Annastella wa Muleba anatoa Kihaya kuweka Kiswahili, hapo wengine wanachukua, Kifaransa, Kiingereza, Kireno, kila mmoja kwenye kibanda chake, jasho linawatoka. Dona Iracema anajibu wakati Tata yuko mtu wa tatu mbele. Tata anarudi, anamwuliza kahawa yao inakauka siku ngapi. Jibu nalo linazunguka dunia. Mbwa wa mtu anabweka, Tata anamsalimia na mbwa.

Saa tatu na nusu Madamu Spès alikuja kunionyesha saa yake. Saa nne alikuja tena, akakaa. Saa nne na robo ikawa zamu yake. Akaulizwa yeye wa nani. Akaanza na bibi yake. Dakika kumi na moja! Nimemhesabia. Aliporudi kwenye kiti hakuitazama saa, aliivua.

Ismail wa Kampala aliposalimiwa aliitikia. Akasema leo ndiyo mara ya kwanza anajua mkutanoni kuna watu wangapi.

Na Mustapha. Annastella alimnong'oneza Tata kwamba anayefuata hasikii. Mustapha akapiga meza: pa, pa.  Tata akagonga fimbo sakafuni mara mbili. Sakafu ni ya mbao, Mustapha alikuwa amevua viatu — alijua! Akapiga tatu. Tata tatu. Akapiga nne, haraka. Tata nne. Watu wazima. Wakalimani wakatazamana, hakuna aliyejua atafsiri nini, na hakuna aliyeuliza.

Mimi nakohoa. Vumbi la mapazia ya ukumbi huu, tangu saa tatu. Nimejaribu kukohoa ndani ya kitambaa.

Sasa hivi, dakika hii, Tata amesimama tena. Nilidhani amemaliza. Madamu Spès alishashika karatasi ya kipindi cha pili. Tata ameongea Kiswahili safari hii, ili kila mtu asikie:

"Nimewasalimia sitini. Amebaki mmoja. Namba Saba."

Hafidha kanikanyaga mguu. Wilbert kakodoa macho. Nimeinamisha kichwa kwenye karatasi, naandika, naandika.

"Yumo. Yuko kushoto kwangu. Namsikia anakohoa tangu asubuhi, kikohozi hicho cha vumbi anacho tangu ana miaka minne."

Tangu miaka minne. Ijumaa zote zile! Jina sitaji, jina sitaji. Maharage jikoni. Darasa la tatu.

Amenigeukia, sawasawa kabisa mahali nilipo. Amenisalimia kwa Kihaya, salamu yetu ile ya barazani. Kisha akasema, "Itikia, mwanangu. Na mwisho usiumeze."

 Wilbert anakuja na maiki, anapita katikati ya nyaya. Kifaransa wameshaelewa, naona Madamu Spès kaweka mkono mdomoni. Kireno bado kiko njiani. Mustapha amekanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, anangoja. Tata ameweka mkono mbele, kiganja chini, kwenye urefu wa kichwa cha mtu aliyepiga magoti.

Taa ya maiki ni ya kijani. Neno la kuitikia ninalo, nilifundishwa naye, ni fupi tu, na mwisho wake